Klabu za shule ziingie ndani ya ratiba

Katika sekondari nyingi za kutwa hapa Tanga, orodha ya klabu imebandikwa ukutani: mdahalo, mazingira, Skauti, Fema, Malihai, wapinga rushwa, Kiswahili. Kila klabu ina mwalimu mlezi, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Uliza walikutana lini mara ya mwisho. Mwenyekiti atamtazama katibu, katibu atamtazama mweka hazina, na mweka hazina tangu achaguliwe hajashika hata shilingi.

Watoto hawana kosa. Klabu hizi zimepangiwa “baada ya masomo”, na baada ya masomo mwanafunzi wa kutwa si wa shule tena. Saa tisa alasiri anayekaa Pongwe anahangaikia daladala, maana kondakta akiona sare hugeuza uso mpaka abiria wa nauli kamili waishe. Wa Makorora ana baiskeli yake, lakini ana chuo, na ustadhi hangoji mtu. Msichana ana ndoo na jiko vinamsubiri, na akifika nyumbani magharibi ataulizwa maswali ambayo kaka yake haulizwi kamwe. Anayebaki uwanjani ni mvulana wa jirani na shule, mwenye mpira. Hatuna ugomvi na mpira. Mji wenye Coastal Union tangu 1948 utauchukiaje? Lakini hata huo mpira, shule nyingine huukumbuka mashindano ya UMISSETA yakikaribia; yakishapita wavu unarudi stoo.

Mji huu ulijua zamani faida ya vijana kukaa pamoja na kufanya jambo lao. Shule ya serikali waliyoifungua Wajerumani hapa katika miaka ya 1890 ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na tangu karibu mwaka 1904 ikawa inatoa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililosomwa mbali na Tanga. Mkoloni alikuwa na haja zake, alitaka makarani; hilo hatulisahau. Ila vijana wa pwani walijifunza kupanga herufi na kuandika habari shuleni. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha hapahapa Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Kilikuwa kama klabu: magazeti, mpira, mazungumzo. Wanahistoria wanakihesabu katika mizizi ya African Association ya mwaka 1929, iliyokuja kuwa TAA, na kisha, mwaka 1954, TANU. Hakuna aliyejua siku ya kwanza kwamba mikutano ile ingefika huko.

Leo klabu yenye sifa kuliko zote ni mdahalo, na ndiyo inayotusikitisha zaidi. Mada ni zilezile walizojadili wazazi wao: elimu na fedha kipi bora, kijijini na mjini wapi pazuri. Mdahalo unaendeshwa kwa Kiingereza kwa sababu ni lugha ya kufundishia, kwa hiyo wanasimama watano walewale, na wengine mia wanapiga makofi wakiona watano wale wamenyamaza. Tunakubali Kiingereza kinahitaji mazoezi. Basi wiki moja iwe Kiingereza, wiki ya pili Kiswahili, na mada itoke mtaani: kwa nini kondakta anamkataa mwanafunzi? Mkoa aliozaliwa Shaaban Robert una watoto wanaojua kubishana. Wasikilize barazani Ngamiani jioni moja tu.

Klabu ya mazingira nayo hupanda miti siku akija mgeni rasmi. Picha ikishapigwa, mche unaachiwa Mungu. Na kwa nini miti tu? Klabu za Malihai zilianza mwaka 1980 na watoto wengi wakafundishwa tembo na simba; vyema. Sisi tuna bahari. Tangu 2009 pwani yetu ina hifadhi iliyotengwa kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wataalamu waliwahi kumdhania ametoweka duniani zamani za mijusi mikubwa, naye kumbe hunaswa kwenye nyavu za wavuvi wetu. Mtoto anaweza kumaliza kidato cha nne katika shule iliyo mwendo wa baiskeli kutoka ufukweni bila kuhesabu mikoko hata siku moja, wala kumuuliza mvuvi mzee uvuvi wa baruti ulifanya nini kwenye matumbawe.

Tutaambiwa fedha hazipo. Ni kweli kwamba Serikali ilifuta ada ya kutwa ya Sh 20,000 kuanzia Januari 2016, na michango ikabanwa. Mkuu wa shule sasa anaogopa hata mia tano ya karatasi za gazeti la ukutani. Hilo halmashauri inaweza kulimaliza kwa barua moja inayosema klabu inaruhusiwa kukusanya nini, nani anashika daftari, na wanafunzi wenyewe wasomewe hesabu paredini. Mweka hazina apate kazi.

Tutaambiwa pia mitihani inakaribia. Inakaribia kila mwaka. Kijana anayeshindiliwa tuisheni alfajiri, mchana na usiku hajifunzi zaidi kwa kunyimwa saa moja ya kusema na kutenda. Sana sana anajifunza kusinzia akiwa amefumbua macho.

Tunachotaka ni vipindi viwili kwa wiki, dakika 80, ndani ya ratiba. Isiwe Ijumaa, kwa sababu ya swala. Jumatano kabla ya kengele ya mwisho inafaa. Mwalimu mlezi ahesabiwe vipindi hivyo kama vipindi vyake vya kemia au historia, kwani hakuna atakayelea klabu kwa moyo huku akidaiwa mzigo uleule darasani. Kila mwanafunzi achague klabu moja, na wasichana wasipangiwe usafi saa hiyo. Shule zikifunguliwa Januari, wazazi waombe waone ratiba, waitafute hiyo Jumatano.