Mgomo ukiisha, imani ya mfanyakazi hubaki kwa nani?

MIGOMO ya wafanyakazi hupimwa kwa yanayoonekana: mabango, filimbi, matawi ya miti na milango iliyofungwa. Hata hivyo, athari yake kubwa huanza siku wafanyakazi wanaporejea kazini. Hapo ndipo kila mmoja hujiuliza ni nani aliyemtetea na ni nani aliyemhadaa.

Katika Kaunti ya Taita Taveta, swali hili lina uzito wa pekee kwa sababu waajiri wakuu hawafanani. Kuna mashamba ya mkonge, likiwemo lile la Mwatate ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Kuna serikali ya kaunti, inayowaajiri wauguzi na madaktari. Kisha kuna Tume ya Huduma za Walimu (TSC) jijini Nairobi.

Mkata mkonge anayeishi katika nyumba ya shamba huhatarisha mengi zaidi ya ujira. Mwajiri wake ndiye pia mwenye nyumba. Kwa hivyo, kabla ya kugoma, hukitazama chama chake kwanza: je, kitakuwa naye hadi mwisho, au kitatia saini na kuondoka?

Muuguzi wa Voi naye yumo katika hali tofauti. Kabla ya 2013 mwajiri wake alikuwa Nairobi. Tangu ugatuzi uanze, mwajiri ni jirani yake, tena aliyemwomba kura. Ahadi ikivunjwa, huiona kuwa usaliti wa mtu anayemjua. Mgomo wa wauguzi wa 2017, uliodumu takriban miezi mitano kote nchini, ulitokana na mkataba ambao kaunti hazikuwa tayari kuutekeleza.

Madaktari walikuwa wamegoma kwa siku 100 hadi Machi 2017. Mwaka wa 2024 waligoma tena kwa siku 56, wakilalamika kwamba waliyoahidiwa 2017 hayakutekelezwa. Daktari aliyeshiriki migomo hiyo miwili hawezi kulaumiwa akiiona sahihi ya mwajiri kuwa karatasi tupu.

Lakini hasira haielekezwi kwa mwajiri pekee. Mwaka wa 2015 walimu waligoma kwa zaidi ya mwezi mmoja wakidai nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 waliyopewa na mahakama. Walikosa mshahara wa Septemba, na Novemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza hiyo. Mzozo mwingine wa mishahara ulipozuka 2019, walimu wengi walikihama chama cha KNUT ili wasikose nyongeza iliyokuwa ikitolewa na TSC. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kikabaki na chini ya 30,000 kufikia 2021.

Funzo ni kwamba mwanachama huvumilia njaa ya mgomo iwapo anaamini viongozi wake wanajua njia ya kutokea. Asipoiona, makato ya kila mwezi huwa mzigo, na mwajiri aliyemkasirikia jana huonekana afadhali.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kikazi ya 2007 inataka ilani ya siku saba, na haimlazimishi mwajiri kumlipa aliyegoma. Kwa hivyo kila siku ya mgomo ina gharama, ambayo pia humwangukia mgonjwa maskini anayekuta Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, haina wa kumhudumia.

Itafaa basi vyama viwaeleze wanachama wazi, kabla ya mgomo, yanayowezekana na yasiyowezekana. Mkataba wa kurejea kazini nao usomwe mbele yao, ukiwa na tarehe ya kila malipo. Waajiri nao, hasa kaunti, wakome kutia saini ili tu kuzima moto wa leo.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Lisipolipwa, mgomo ujao huwa umeshaanza moyoni mwa mfanyakazi kabla ya ilani kuandikwa.