UKURASA WA UFUNDI: Umefuta jina lake

Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya kutengeneza cherehani. Mtusamehe, cherehani itangoja. Tumetoka Gikondo juzi, na tuliyoyaona kule hayangoji.

Kuna kijana mmoja wa hapa kambini, jina lake tunaliweka. Alichukua faranga elfu arobaini za kikundi cha akiba, tena kwa ruhusa ya wenzake, akanunua gunia la vyuma chakavu. Muuzaji alimwambia ati ndani mna vipande vya ndege ya vita ya Wajerumani ya mwaka 1916, vimevuka kutoka upande wa Kongo, na wazungu wanaokusanya vitu vya kale hulipa dola nyingi. Kijana akaamini. Nani asingeamini? Wenzake waliochangia ni kina mama wanaouza mboga na ndizi, na pesa ile ndiyo ya madaftari ya watoto. Basi akabeba gunia mpaka Gikondo, kwa mzee mmoja Mkongomani anayesubu masufuria, apate mashine ya kusugulia vipande ving'ae kabla ya kutafuta mnunuzi. Sisi tulikuwa Kigali kwa shughuli za karatasi, tukapita kumsalimia mzee.

Wanaoijua Gikondo ya zamani wangeshangaa. Viwanda vingi vya bondeni vimehamishwa, vingine vimekwenda Masoro, na lile bonde limerudishwa kuwa kinamasi. Lakini ufundi haujaisha. Kwa mzee tanuri lilikuwa linawaka, kalibu za mchanga zimepangwa chini, na kijana wetu yuko pembeni na mashine, cheche zinaruka.

Kipande alichoshika kilikuwa bati la aluminiamu, urefu kama mkono wa mtu mzima, ribiti zimepangwa mistari miwili. Upande wa ndani kuna rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Ukingoni palikuwa na namba zilizogongwa kwa muhuri wa chuma. Palikuwa, tunasema, kwa sababu tulipofika zilibaki mbili tu, 1 na 5, na nyingine zimekwenda na vumbi. Mzee alimzimia mashine, akachukua bati, akaligeuza mara mbili tatu. Akasema, "Mtoto, umefuta jina lake."

Kijana akajitetea, "Papa, si kinachong'aa ndicho kinauzika?"

Kumbe kwa vipande vya ndege ni kinyume. Kila kipande kiwandani hupewa namba, na namba ile ndiyo inayosema ni cha ndege gani. Kiwanda cha North American cha Marekani, kwa mfano, kilianza namba za vipande vyake na namba ya muundo wa ndege. Ikianza 88 na kistari, muundo huo ni wa T-6D, ndege ya mafunzo ya wakati wa vita kuu ya pili. Ikianza 159 ni T-28A. Waingereza waliotengeneza Spitfire walikuwa na mtindo huo huo: 300 ni Spitfire ya kwanza kabisa, 361 ni ile ya toleo la tisa. Uangalie tu kwamba muundo mpya mara nyingi uliazima vipande vya muundo wa zamani, kwa hiyo namba moja peke yake haimalizi shauri. Ukiona herufi AM na taji juu yake, hiyo ni alama ya wizara ya ndege ya Uingereza. Bulti zenye alama ya msalaba au nyota kichwani ni za chuma za kipimo cha Wamarekani, zenye vistari viwili ni za aluminiamu. Herufi za Kirusi, hapo unafikiria MiG.

Sasa rudi kwenye 15 ya kijana wetu. Inaweza kuwa mwanzo wa 159. Inaweza kuwa katikati ya namba nyingine kabisa. T-28 ziliruka kwetu kweli: mwaka 1964 na 1965, wakati wa vita vya Simba, serikali ya Leopoldville ilikuwa na T-28 na B-26 zilizorushwa na marubani Wakuba waliomkimbia Castro, na Wamarekani nyuma yao. Wazee wa Fizi na Baraka hawahitaji gazeti kuwaambia. Kwa hiyo bati lile lingeweza kuwa na habari kubwa. Lingeweza. Mkusanyaji wa vitu vya kale hanunui "lingeweza".

Na ile hadithi ya 1916? Hapo muuzaji alidanganya, au alidanganywa na yeye. Ndege za vita zilizoruka Ziwa Tanganyika mwaka ule zilikuwa za Wabelgiji, nne, aina ya Short, wameazimwa na Waingereza. Zilikuwa za kutua majini, kituo chao kilikuwa Mtoa, karibu na mji tunaouita Kalemie leo. Zilikwenda kutupa mabomu Kigoma kwa Wajerumani. Rubani wao mmoja, Aimé Behaeghe, alifia Niemba Desemba 1916. Lakini ndege zile mwili wake ulikuwa mbao, kitambaa na waya! Ukiiacha porini ndege ya namna ile, mchwa na mvua hawakuachii kitu ila injini na vyuma vichache vya kushikia. Mtu akikuletea bawa la bati lenye ribiti akasema ni la ziwani 1916, mpe maji ya kunywa, mwage kwaheri.

Kilichobaki cha vita ile ni meli. Wajerumani waliizamisha wenyewe Graf von Götzen Julai 1916 pale Kigoma, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini mafuta mazito ya grisi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, injini zikafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ndiyo hiyo hiyo Liemba iliyowabeba ndugu zetu Warundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma Mei 2015. Grisi tu, jamani.

Wakati tunazungumza haya, mmoja pale karakana akanong'ona kwamba labda bati ni la ndege ya Kanombe. Mzee alimkatisha. Mabaki ya ndege ile ya tarehe 6 Aprili 1994 yako Kanombe yanakotunzwa, wala si mambo ya kuchezea mdomoni, hasa Gikondo.

Halafu likatokea lile lililotufanya tuache cherehani. Msaidizi wa mzee alitoa ndani ya gunia kipande cha gurudumu, cha kijivu, akataka kukitupa kwenye tanuri kiyeyuke na aluminiamu nyingine. Mzee akakipokea, akakipima mkononi, uso ukabadilika. "Hiki ni chepesi mno." Akakwangua mahali kidogo kwa kisu, akadondosha siki. Ikatoka mapovu, tss, kama soda. Aluminiamu haifanyi hivyo upesi namna ile. Ile ilikuwa magnesi, ambayo uzito wake ni kama theluthi mbili ya aluminiamu, na magurudumu mengi ya ndege za zamani yalisubiwa kwa magnesi. Ikishika moto inawaka kwa mwanga mweupe unaoumiza macho, na ukiimwagia maji ndiyo unaichochea. Na pale karibu na tanuri kulikuwa na nini? Ndoo mbili za maji, zimewekwa kwa ajili ya moto. Mzee amebadilisha siku ile ile, sasa kuna pipa la mchanga mkavu.

Tunawaambia wazazi wazi wazi, kwa sababu watoto wetu wanaokota vyuma. Saa na vipimo vya ndege za zamani, vile vya duara vyenye namba zilizokuwa zinawaka gizani, vilipakwa radiamu. Mwanga umekufa lakini sumu haijafa, itaishi miaka elfu na zaidi. Msivifungue, msivikwangue, watoto wasivichezee. Ile rangi ya kijani na manjano ya ndani ya bati mara nyingi ina kromiamu, vumbi lake si la kuvuta puani, na kijana wetu alikuwa anaisugua bila hata kitambaa mdomoni. Kitu chenye umbo la chupa au samaki chenye mapezi msikiguse kabisa, weka alama mbali, muite polisi. Na masufuria: uchunguzi uliofanyika Kamerun na nchi nyingine umekuta risasi kwenye sufuria zilizosubiwa kwa vyuma vya kuokota. Mzee hakupenda tuliandike hili. Tumeliandika. Yeye mwenyewe siku hizi anachagua vyuma vyake kabla ya kuviyeyusha.

Aliye na kipande anachoshuku ni cha ndege, asikipeleke kwenye mashine. Kioshe kwa maji na brashi laini, basi. Andika namba zote kwenye daftari, hata zile nusu, na mahali kilipotoka na nani aliyekitoa. Kipige picha na simu, rula ikiwa kando yake. Ribiti usizing'oe. Ikibidi bati lililooza libadilishwe, fundi wa kweli hulihifadhi la zamani ili alitumie kama kigezo cha kukata jipya.

Kuhusu faranga elfu arobaini: aluminiamu iliyobaki mzee aliipima kwenye mizani akailipa kwa bei ya chakavu, ikarudi elfu kumi na nane. Nyingine kijana atazilipa kidogo kidogo kwa kazi ya karakana, kina mama wamekubali, ingawa mmoja bado hamsalimii. Bati lenye 15 mzee hakuliyeyusha. Limetundikwa ukutani kwake Gikondo.

Wazee mliokuwa Fizi, Baraka au Kalemie mwaka 1965 na mkaziona zile ndege, tunawaomba mpite ofisini kwetu Jumanne asubuhi. Tungependa kujua zilianguka wapi. Cherehani, mwezi ujao, haki ya Mungu.