Kumlaani mtu ni kumfanya mwepesi



Likizo iliyopita, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alinivuta pembeni. "Frateri, wewe unasoma. Hivi laana ya ukoo inavunjwaje?" Kijana wake alikuwa amefeli mtihani mara ya pili, na tayari jirani alikuwa amemwambia kwamba yupo babu aliyewalaani. Siku ile nilijiumauma tu. Tangu hapo nimelitafuta jibu, na sehemu yake nimeipata katika kitenzi kimoja cha Kiebrania.

Sisi tuna neno laana, tulilolipata kutoka Kiarabu, na tunalitumia kwa kila kitu. Kiebrania cha Agano la Kale kina maneno kadhaa. Kuna arar, tamko ambalo Mungu analitoa juu ya nyoka katika Mwanzo 3. Kuna ala, laana inayofungamana na kiapo. Na kuna qalal, ambalo asili yake ni kuwa mwepesi. Kumlaani mtu kwa neno hili ni kumwona hana uzito, si kitu.

James Barr aliwaonya wanateolojia mwaka 1961 wasijenge mafundisho juu ya mizizi ya maneno, na alikuwa na haki. Lakini hapa Maandiko yenyewe yanatuelekeza huko. Katika Kutoka 20, kitenzi cha kuwaheshimu baba na mama kinatoka kwenye mzizi wa uzito: wazazi wapewe uzito wao. Sura inayofuata, aya ya 17, inamhukumu anayewalaani wazazi, na neno ni qalal. Nasi pia husema mtu fulani ana uzito wake, au fulani amenichukulia kiwepesi.

Hata ahadi kwa Abrahamu katika Mwanzo 12:3 ina vitenzi viwili tofauti, ingawa katika Kiswahili tunasoma kulaani mara mbili. Anayemfanya Abrahamu mwepesi (qalal), Mungu atamlaani (arar).

Aya inayonisumbua zaidi ni Walawi 19:14, inayokataza kumlaani kiziwi. Kwa nini kiziwi? Hasikii, haumii kwa neno hilo, pengine hatajua kamwe. Naona ni kwa sababu kosa limekwisha kamilika ndani ya anayesema. Amemtazama mtu aliyeumbwa na Mungu akamwona hana thamani, tena akachagua yule asiyeweza kumjibu.

Na tazama Daudi katika 2 Samweli 16. Shimei anamlaani, anamtupia mawe na vumbi. Abishai anataka kumkata kichwa. Daudi anakataa, anaendelea na safari yake, akitumaini kwamba Bwana ataona mateso yake na kumrudishia mema. Hatafuti mtu wa kumvunjia laana. Uzito wake uko mikononi mwa Mungu, na Shimei hawezi kuufikia.

Kuhusu babu, Ezekieli 18 inatosha: mwana hatabeba uovu wa baba yake. Kwa maoni yangu tunatumia nguvu nyingi mno kuuliza nani alitulaani, na hatuulizi sisi tumemlaani nani. Dada wa kazi anayeitwa "wewe" mwaka mzima. Mzee anayekatizwa maneno kikaoni. Nasi mafrateri tusijitoe: lafudhi ya mwenzetu inaigizwa bwenini, tunacheka, kisha tunakwenda Masifu ya Jioni kwa midomo ile ile.

Jambo moja nililikumbuka nikiwa nimekwisha kurudi seminarini. Mama yule alipokuwa ananieleza, kijana alikuwa amesimama hapo hapo, na mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu hana akili kama dada yake." Kijana akatazama chini. Sikusema kitu.

Likizo ijayo nitapita kwao. Nitaanza na kijana.