Riwaya za kuanzia kwa vijana

Kijana wa miaka 13 au 14 anafaa kuanza na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Kongowea Mswahili, yatima wa mama, anatoka Tanga na kuvuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Safari hiyo humvuta msomaji ukurasa hadi ukurasa, na Kiswahili chake ni kitamu mno.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ingoje kidogo, hadi miaka 16 hivi. Humo binti wa Ukerewe anapigwa na baba yake mlevi, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, lakini ukali wa Zakaria unastahili kujadiliwa nyumbani. Wazazi, isomeni pamoja na vijana wenu.