Walimtetea Tajiri au Walitetea Hisa Zao?



Huko San Francisco, Marekani, iko kampuni iitwayo OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, ile mashine inayojibu maswali na kuandika barua kama mtu. Tarehe 17 Novemba 2023 bodi ya kampuni hiyo ilimfukuza mkurugenzi mkuu, Sam Altman. Siku tatu baadaye wafanyakazi zaidi ya 700, katika jumla ya karibu 770, walikuwa wametia sahihi barua moja: bodi ijiuzulu na Altman arudishwe, la sivyo wao watahamia Microsoft, ambayo ilikuwa imekwisha kuwaahidi kazi. Kabla ya juma kwisha Altman alikuwa amerudi kitini.

Watu wengi wakasema, kweli hawa wanampenda tajiri wao. Na msimamizi wa shamba akiipata habari hii atatuuliza kwa nini sisi hatuna moyo wa namna hiyo.

Tusikubali upesi. Wafanyakazi wale hawapati mshahara tu, wana hisa pia. Siku zile zile mpango ulikuwa ukitayarishwa ili wauze baadhi ya hisa hizo, kampuni ikikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 86. Kampuni ikivunjika, na mpango umekufa. Sisemi kwamba hakuna aliyempenda Altman. Moyo wa mtu ni msitu. Lakini mwenye fungu lake ghalani hulilinda ghala, na mchuma chai anayelipwa kwa kilo hana fungu humo.

Tena, mwezi wa Mei 2024 ikafichuka kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi alipewa karatasi ya kuahidi kutoisema vibaya kampuni. Akikataa kutia sahihi, aliweza kupoteza hisa alizokwisha kuzichuma kwa jasho lake. Kelele zilipozidi, Altman alikiri kuwa kifungu hicho hakikustahili kuwamo, na kampuni ikakiondoa. Sasa nauliza: uaminifu wa kweli unahitaji kufungwa mdomo kwa mkataba?

Jambo moja lakini nawasifu. Hawakuwa na chama, hawakugoma hata saa moja, na bado bodi ilisalimu amri, kwa kuwa karibu wote walisimama pamoja na kazi ilikuwa ikiwangoja kwingine. Hiyo ndiyo nguvu yenyewe, hata kama waliitumia kumrudisha mkubwa.

Wako wengine walioijenga mashine hiyo hiyo. Nairobi, jirani zetu, waliajiriwa na kampuni ya Sama kwa niaba ya OpenAI, wasome na kupanga maandishi machafu, ya mauaji, mateso na watoto kuharibiwa, ili mashine ijifunze kuyakataa. Gazeti la Time liliandika Januari 2023 kwamba walibaki mkononi na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Sama iliukatisha mkataba huo mapema mwaka 2022, na hakuna aliyewaita watu wa Nairobi wafanyakazi wa OpenAI.

Mei 2023, zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo, wa makampuni mbalimbali, walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Hiyo ilikuwa miezi sita kabla ya barua ya San Francisco. Barua ile haikuwataja.