Mwacheni bibi asimame kwa mguu mmoja

Masika Ifakara tope linateleza, na nyumba nyingi choo kiko uani. Bibi akitoka usiku na kandambili zilizolika, lazima familia iwe na wasiwasi. Basi anaambiwa: "Bibi, kaa tu hapo, utaanguka." Ni upendo, lakini unamdhuru. Miguu isiyotumika hupungua nguvu, na siku akiinuka peke yake ndipo anapopepesuka.

Utafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara kwa watu wa miaka 50 na zaidi bondeni hapa, uliochapishwa 2010, ulionyesha wanawake wana hali duni ya afya kuliko wanaume. Ndiyo maana naanza na bibi. Babu naye hajasamehewa.

Mtasema bibi yenu bado anakwenda majarubani kwa miguu. Vizuri, aendelee. Ila kutembea peke yake hakujathibitika kuzuia kuanguka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2019 ulionyesha kuwa mazoezi ya kutopepesuka, pamoja na ya kukaa na kusimama, hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya aina hiyo angalau siku 3 kwa wiki.

Asimame kwenye fremu ya mlango, mtu mzima akiwa pembeni. Aanze kwa miguu pamoja, kisha mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, ahesabu hadi 10. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea: zoezi likishakuwa rahisi halimfundishi tena. Alishike kwa mikono miwili, wiki nyingine mmoja, baadaye kidole tu, kisha ainue mguu mmoja. Halafu anyanyuke kitini bila kujisukuma kwa mikono, mara 5, akizoea 10. Kiti kiegemezwe ukutani. Kigoda ni kifupi mno. Mjukuu ahesabu, kazi hiyo ataipenda.

Aliyeanguka karibuni, anayesikia kizunguzungu akisimama au anayetumia dawa za presha aonwe kwanza kituo cha afya.

Na ikitokea ameanguka na hawezi kukanyaga, msimchue wala kumvuta mguu. Huenda nyonga imevunjika. Afikishwe hospitali akiwa amelala, siyo kwenye bodaboda, wala kwenye keria ya baiskeli.