Mwanasaikolojia binafsi: Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Katika mji wa Kahama, mtu anayeumwa jino hajiulizi mara mbili pa kwenda. Anayekosa usingizi kwa miezi mitatu, anayeshtuka kila asikiapo kishindo, au aliyepoteza hamu ya kula na ya kuzungumza na wenzake, hana njia iliyonyooka namna hiyo. Huanza kwa ndugu, akaenda kwa mchungaji au shehe, na mara nyingi akaishia kwa mganga. Siku hizi, mwenye fedha kidogo mkononi hupewa pia namba ya simu ya mwanasaikolojia binafsi.

Ni hatua yenye manufaa, kwani mazungumzo ya kitaalamu yameponya wengi duniani. Hata hivyo, mnunuzi wa huduma hii yuko katika hali tofauti na mnunuzi wa dawa. Kidonge kina jina, kipimo na tarehe ya kuharibika. Mazungumzo hayana lebo. Kwa sababu hiyo, mkazi wa Nyahanga au wa kata nyingine yoyote ya Manispaa ya Kahama hana budi kuuliza maswali kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, na mtaalamu wa kweli hataudhika kuulizwa.

Haja ya huduma hiyo katika ukanda huu haina ubishi. Kahama ni mji wa biashara uliokulia kando ya dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, na ule wa Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009, ulifungwa mwaka 2021. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo, ambao leo wanapata na kesho wanakosa, na wanaoshuka katika maduara bila hakika ya kupanda.

Novemba 2015, nchi nzima ilishangazwa na habari za wachimbaji watano waliotolewa wakiwa hai katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, baada ya kufukiwa ardhini kwa siku 41. Mwenzao mmoja alifia humo humo. Miili ya walionusurika ilihudumiwa hospitalini. Lakini dripu haiwezi kuondoa kumbukumbu za siku 41 za giza na njaa, na familia zilizosubiri juu ya ardhi zilikuwa na jeraha la aina yake.

Swali la kwanza ambalo mgonjwa anapaswa kujiuliza, pengine kwa mshangao wa wengi, halimhusu mwanasaikolojia hata kidogo. Ni hili: je, mwili umepimwa?

Katika ukanda wa dhahabu swali hilo lina uzito wa pekee kwa sababu ya zebaki. Mvuke wa zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi, hasira za ghafla, haya isiyo ya kawaida na huzuni. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO), wataalamu waliwapima wakazi wa Rwamagasa, Geita, na kukuta dalili za sumu ya zebaki, hasa kwa wale waliokuwa wakiichoma.

Mtu wa namna hiyo akipelekwa kwa mwanasaikolojia akiwa bado anachoma zebaki jikoni kwake kila jioni, atalipia vikao bila kupata nafuu ya maana, kwani sumu inaendelea kuingia. Vivyo hivyo, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa damu, kifafa, Virusi vya Ukimwi na ulevi vinaweza kujitokeza kwa sura ya ugonjwa wa akili. Kwa hiyo safari njema huanzia kwa daktari wa kawaida, na mgonjwa amweleze daktari huyo kazi anayoifanya bila kuficha.

Aidha, ziko hali ambazo hazisubiri miadi ya juma lijalo. Anayesema anataka kufa, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayekataa kula au anayetishia kuwadhuru wengine, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kutoka Kahama, rufaa inaweza kumfikisha katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga, Bugando mjini Mwanza au Mirembe mjini Dodoma.

Swali la pili ni: huyu ni nani? Katika mazungumzo ya mitaani, majina manne huchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea, naye anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea saikolojia na namna ya kutibu kwa mazungumzo na mazoezi ya fikra, haandiki dawa. Mnasihi, au mshauri nasaha, anaweza kuwa na shahada, stashahada au mafunzo ya majuma machache tu, kama walivyokuwa wengi waliofunzwa wakati wa kampeni za kupima Ukimwi. Wa nne ni mhamasishaji wa majukwaani na redioni, ambaye anaweza kuwa na maneno matamu bila kuwa na mafunzo yoyote ya tiba.

Mwaka 2014, Kenya ilitunga sheria mahususi ya washauri nasaha na wanasaikolojia, inayomtaka mtoa huduma asajiliwe. Hapa Tanzania, sheria ya mwaka 2017 inawasimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi kupitia Baraza la Madaktari Tanganyika. Lakini neno "mwanasaikolojia" katika bango au katika simu halimwambii mteja mwenye jina hilo amesoma nini, wapi, na anawajibika kwa nani.

Hivyo mteja aulize waziwazi: umesomea chuo gani, kwa ngazi gani, umesajiliwa na chombo gani, na nani anasimamia kazi yako? Kisha apige simu katika chombo kilichotajwa na kuthibitisha. Cheti kilichotundikwa ukutani si uthibitisho wa kutosha.

Swali la tatu linahusu kazi yenyewe, na hapa ndipo wateja wengi wa Usukumani hupatwa na mshangao. Aliyezoea kwenda kwa mganga hutarajia kuambiwa siku ya kwanza chanzo cha mateso yake, na wakati mwingine jina la aliyeyaleta. Desturi hiyo imeugharimu ukanda huu damu. Vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino.

Mwanasaikolojia hapigi ramli. Hatamtaja jirani, shangazi wala mke mwenza. Siku ya kwanza yeye ndiye atakayeuliza zaidi ya kujibu, na huenda mteja akatoka humo akihisi hakupewa kitu. Huo si utapeli. Utapeli ni kinyume chake: yule anayeahidi kuponya kwa kikao kimoja, anayeuza maji au vidonge vyake mwenyewe, au anayemwambia mteja aache dawa za kifafa au za kufubaza Virusi vya Ukimwi.

Mtaalamu mwenye njia inayoeleweka ataweza kusema, kwa Kiswahili chepesi, anakusudia kufanya nini na kwa vikao vingapi. Mfano uko karibu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa Moshi hapa nchini na Bungoma nchini Kenya, walihusishwa katika majaribio ya tiba ya fikra na mwenendo. Waliopangiwa tiba hiyo walikutana katika vikundi kwa vikao 12, wakihudumiwa na wanasihi wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Mara baada ya tiba kumalizika, nafuu iliyozidi ile ya watoto waliopata huduma za kawaida ilionekana katika maeneo matatu kati ya manne yaliyochunguzwa.

Yapo mafunzo mawili katika mfano huo. Kwanza, tiba inayofaa ina mwanzo, katikati na mwisho, na matokeo yake hupimwa. Pili, hata tiba nzuri haifaulu kila mahali. Mteja ana haki ya kuuliza tangu mwanzo: baada ya vikao vinne au vitano, tutajuaje kama ninapata nafuu, na nisipopata utanipeleka kwa nani?

Kwa aliyetoka katika ajali karibuni, ipo tahadhari nyingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2013 haushauri kuwafanyia watu waliopata mshtuko vikao vya kuwataka wasimulie yote yaliyowapata mara baada ya tukio. Kumsikiliza anayetaka kusema ni jambo jema; kumchimba asiyetaka kunaweza kumwongezea jeraha.

Swali la nne ni la siri, na katika mji ambao watu wanafahamiana sokoni na kanisani, pengine ndilo linalowazuia wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mteja ana sababu ya kuuliza daftari lake linahifadhiwa wapi, nani analisoma, na kama mazungumzo ya simu yanarekodiwa. Mfanyakazi wa mgodi ambaye mwajiri ndiye anayelipia aulize jambo moja zaidi: je, ripoti itakwenda kwa bosi, na itasema nini?

Siri hata hivyo ina mipaka, na mtaalamu mwaminifu huitaja kabla mteja hajafungua kinywa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Uhai ukiwa hatarini, mtaalamu anaweza kulazimika kuwahusisha ndugu au hospitali.

Hapo pana mwiba mwingine. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kuwa kifungu kama hicho kinakwenda kinyume cha Katiba ya nchi hiyo. Hapa kwetu, hofu ya polisi inaweza kumfunga mdomo yule hasa ambaye angeokolewa kwa kusema. Ndiyo maana ni vyema mteja aulize mapema: nikikueleza kuwa nimewaza kufa, utafanya nini? Jibu linalopaswa kusikika ni la namna ya kulinda uhai wake. Jibu la vitisho, au la kukwepa, latosha kumfanya atafute mtu mwingine.

Swali la mwisho ni la fedha. Bei ya kikao kimoja haielezi gharama ya tiba. Iwapo kikao kitatozwa Sh30,000, vikao vinane ni Sh240,000, mbali na nauli na siku za kazi zinazopotea. Mwenye bima athibitishe kwa mfuko wake, si kwa mtoa huduma, kama unasihi unalipiwa. Asiyeweza kumudu vikao vyote ni bora aseme mapema, ili mpango upangwe kwa kadiri ya uwezo wake, kuliko kukatisha tiba katikati, vidonda vikiwa vimefunguliwa.

Lugha nayo isisahaulike. Mzee aliyeishi maisha yake yote kwa Kisukuma hawezi kueleza uchungu wake sawasawa kwa Kiswahili cha ofisini, na mjukuu akifanywa mkalimani, yako mambo ambayo babu hatayasema. Kama mtaalamu hajui lugha hiyo, familia imtafute anayeijua au mkalimani asiye wa ukoo.

Uhusiano kati ya mtaalamu na mteja una miiko yake pia. Mwanasaikolojia hamkopi mteja, hamfanyi mshirika wa biashara, wala hamtongozi. Likitokea lolote kati ya hayo, mteja asijilaumu wala asione haya. Aondoke na kutoa taarifa kwa chombo kinachomsimamia mtaalamu huyo.

Ni dhahiri kwamba mzigo huu wote wa kuuliza umewekwa mabegani mwa mtu ambaye tayari ameelemewa. Mgonjwa wa sonona, ambaye hata kuoga ni kazi, hawezi kutarajiwa kupiga simu katika mabaraza na kuhakiki vyeti. Kazi hiyo inaweza kufanywa na ndugu au rafiki anayeaminiwa, kwa ridhaa ya mgonjwa, kabla ya siku ya kwanza.

Serikali na vyama vya kitaaluma vingeweza kuupunguza mzigo huo kwa jambo dogo: orodha ya wataalamu waliosajiliwa, kwa majina na ngazi zao, ikabandikwa katika kila zahanati na ofisi ya kata, ikiwamo ya Nyahanga. Mchimbaji anayejua kutofautisha dhahabu na jiwe linalong'aa anastahili kupewa mizani ya kupimia na huduma hii pia.